Rusha Kisahani Mbali Bila Kuumiza Bega



Kila mwaka shule zetu za msingi hushindana katika michezo ya UMITASHUMTA. Shule za sekondari hushindana katika UMISSETA. Vijiji vingi navyo hufanya michezo siku za sikukuu. Katika michezo hiyo wapo wanaokimbia, wanaoruka na wanaorusha. Vitu vinavyorushwa ni tufe, mkuki na kisahani. Leo tutajifunza juu ya kisahani.

Labda utauliza, "Kwa nini ukurasa wa afya uzungumze habari za kisahani?" Sababu ni hii. Siku za michezo zikipita, vijana huja zahanati wakiwa wameshika bega. Wengine wameshika kiuno. Ukiwauliza, utasikia kwamba walikuwa wakirusha kwa nguvu zote, na kisahani hakikwenda mbali.

Tukumbuke jambo moja. Mkono unaorusha kisahani ndio mkono unaoshika jembe. Bega likiharibika kabla ya mvua, kijana huyo hatalima vizuri msimu huo. Jamaa yake yote itapata hasara.

Lakini iko habari njema. Namna inayopeleka kisahani mbali ndiyo hiyo hiyo inayolinda bega. Mtu akijifunza moja, amepata yote mawili.

KISAHANI NI NINI?

Kisahani ni kitu cha mviringo. Kinafanana na sahani mbili zilizofunikizana. Katikati ni kinene, pembeni ni chembamba. Kwa kawaida hutengenezwa kwa mbao, na ukingo wake ni wa chuma.

Kisahani cha wanaume kina uzito wa kilo 2. Upana wake ni kama sentimita 22. Kisahani cha wanawake kina uzito wa kilo 1, na upana wake ni kama sentimita 18. Wavulana wenye umri chini ya miaka 18 hurusha kisahani cha kilo 1 na nusu. Mrushaji husimama ndani ya duara lenye upana wa mita 2 na nusu. Haruhusiwi kutoka kabla kisahani hakijaanguka.

Mchezo huu ni wa zamani sana. Wagiriki waliucheza zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mwaka 1896, michezo ya Olimpiki ilipoanzishwa upya mjini Athens, mshindi wa kisahani alikuwa Mmarekani, Robert Garrett. Alirusha mita 29 na sentimita 15. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kwao alitengenezewa kisahani cha chuma kizito mno, akashindwa kukirusha, akakata tamaa. Alipofika Athens akaona kisahani chenyewe ni chepesi kuliko alivyodhani. Akashindana, akashinda.

Mwaka 2025 Mykolas Alekna wa Lithuania alirusha mita 75 na sentimita 56. Umbali huo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa Garrett. Je, watu wa leo wana mikono yenye nguvu mara mbili na nusu? La. Watu wamejifunza namna ya kurusha, na wamefanya mazoezi kwa mpango.

Wasichana nao wasidhani kwamba mchezo huu si wao. Wanawake walianza kurusha kisahani katika Olimpiki mwaka 1928. Mwaka huo alishinda Halina Konopacka wa Poland. Mwaka 1988 Gabriele Reinsch wa Ujerumani Mashariki alirusha kisahani cha wanawake mita 76 na sentimita 80.

NGUVU INATOKA WAPI?

Watu wengi hufikiri kwamba nguvu ya kurusha inatoka mkononi. Hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Tazama mtu anayeswaga ng'ombe wa plau. Anaposhika mjeledi, mpini hauendi mbio sana. Lakini ncha ya mjeledi huenda mbio mpaka ikalia. Mwendo umeanzia kwenye mpini, ukapita katika kamba, ukaishia kwenye ncha. Kila sehemu imeipa sehemu inayofuata mwendo wake.

Mwili wa mrushaji ni kama mjeledi huo. Miguu ni mpini. Kiuno na kifua ni kamba. Mkono ni ncha. Misuli ya mapaja na matako ni mikubwa kuliko misuli yote ya mwili. Misuli ya bega ni midogo. Basi kazi kubwa ifanywe na miguu, na mkono ufuate nyuma.

Utaratibu ni huu:

1. Mguu unasukuma ardhi.
2. Nyonga inageuka.
3. Kifua kinafuata.
4. Mkono unakuja mwisho.

Mtu akirusha kwa mkono peke yake, bega hubeba mzigo wa mwili mzima. Kano za bega huvutwa kwa ghafula. Zikivutwa hivyo siku nyingi, huvimba na kuuma. Ndiyo maana kijana mwenye mikono minene anaweza kushindwa na kijana mwembamba aliyejifunza.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano mzuri. Julius Yego hurusha mkuki. Alijifunza mambo mengi kwa kutazama video za warushaji wa nchi nyingine kwenye intaneti. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa mita 92 na sentimita 72. Mkuki si kisahani, lakini nao huanza miguuni na kumalizikia mkononi.

JINSI YA KUSHIKA KISAHANI

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze: kulia iwe kushoto.

Weka kisahani juu ya kiganja. Tandaza vidole vinne. Ukingo wa kisahani ukae kwenye pingili za mwisho za vidole, karibu na kucha. Kidole gumba kilale juu ya kisahani. Kisikamate kitu. Sasa geuza mkono, kiganja kitazame chini.

Wengi hapo huogopa kwamba kisahani kitaanguka. Hakianguki ukikipembeza. Mwendo wa mkono hukibana kwenye vidole, kama maji yanavyobaki ndani ya ndoo unapoizungusha. Basi usikikamate kwa nguvu. Mkono uliokaza hauendi mbio, na kiwiko chake huchoka upesi.

Kisahani kinapotoka, kidole cha shahada ndicho kinachokigusa mwisho. Hapo kisahani hupata kuzunguka. Kisahani kinachozunguka hukaa sawa hewani. Kisichozunguka huyumba, kisha huanguka karibu.

Zoezi la kwanza ni kukivingirisha ardhini kama gurudumu. Simama, pembeza mkono, kiachie kitokee kwenye kidole cha shahada. Kikienda moja kwa moja bila kulala, umejua kukiachia. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya kurusha hewani.

KURUSHA UKIWA UMESIMAMA

Usianze kwa kuzunguka. Jifunze kwanza kurusha ukiwa umesimama. Fuata hatua hizi pole pole:

1. Simama ubavu. Bega la kushoto lielekee uwanja. Tanua miguu kupita kidogo upana wa mabega.

2. Kunja goti la kulia. Uzito wa mwili ukae juu ya mguu wa kulia.

3. Geuza kifua kuelekea nyuma, kulia kwako. Mkono wenye kisahani uende nyuma kabisa, umenyooka, lakini usikazwe. Mkono wa kushoto uvuke mbele ya kifua.

4. Sukuma ardhi kwa mguu wa kulia. Zungusha wayo na goti kuelekea uwanja. Kisigino kinyanyuke na kigeuke nje. Nyonga ya kulia ije mbele. Kifua na mkono vingojee bado.

5. Mguu wa kushoto usimame imara kama nguzo. Upande wa kushoto wa mwili usimame. Mkono wa kushoto urudi karibu na kifua. Upande wa kushoto ukisimama ghafula, upande wa kulia huenda mbio zaidi. Ni kama mlango: bawaba hukaa mahali pake, na ukingo wa mlango huenda kasi.

6. Sasa kifua kinafika, na mkono unafuata mbali na mwili. Kiachie kisahani kikiwa sawa na bega, mbele kidogo. Kichwa kiwe juu.

Hatua ya 4 ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono hupenda kutangulia. Mwambie mwenzako asimame nyuma yako, mbali kidogo, wakati wa zoezi hili usiposhika kitu. Atazame kitovu chako. Kitovu kitazame uwanja kabla mkono haujafika mbele. Ikiwa vyote vinafika pamoja, rudia pole pole.

MWENDO NA PEMBE

Jambo linaloongeza umbali kuliko yote ni mwendo wa kisahani kinapotoka mkononi. Mwendo ukiongezeka kidogo, umbali huongezeka zaidi. Kwa makadirio, ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, umbali huongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano. Aliyekuwa akirusha mita 20 anaweza kufika karibu mita 24. Ndiyo maana inafaa kurekebisha miguu kabla ya kutafuta misuli mikubwa.

Jambo la pili ni pembe. Nyosha mkono mbele, sawa na ardhi. Halafu unyoshe juu. Katikati ya hapo ni nyuzi 45. Kisahani kitoke chini kidogo ya katikati, yaani kati ya nyuzi 35 na 40. Kikitoka juu mno, hupanda kama tiara, kikasimama, kikaanguka karibu. Tena ukingo wa mbele usiinuke kama kifuniko cha sufuria kinachofunguliwa. Kisahani kiukate upepo.

Upepo unaovuma kutoka mbele, usio mkali sana, husaidia kisahani kuelea. Alekna alirusha mita zile mahali paitwapo Ramona, huko Oklahoma, Marekani, penye upepo mwingi.

KUZUNGUKA

Ukiweza kurusha vizuri ukiwa umesimama, ndipo ujifunze kuzunguka. Mrushaji huanza akiwa ameupa uwanja mgongo. Huhamisha uzito kwenye mguu wa kushoto na kugeukia kushoto juu ya kidole cha mguu huo. Mguu wa kulia huzunguka na kutua katikati ya duara. Kisha mguu wa kushoto hutua mbele. Hapo anafika katika hali ile ile ya kurusha akiwa amesimama.

Fanya kwanza bila kisahani, bila haraka. Anayezunguka kwa kasi asiyoimudu hupoteza miguu. Miguu ikipotea, mkono utalazimika kufanya kazi yote, na bega litalipa.

MPANGO WA MAZOEZI

Kila siku kabla ya kurusha, pasha mwili moto kwa dakika 10. Kimbia pole pole. Zungusha mikono, kwanza kidogo, halafu zaidi. Geuza kiuno kulia na kushoto. Chuchumaa na kusimama mara 10. Usirushe kwa nguvu mwili ukiwa baridi.

Mpango huu unamfaa anayeanza:

Wiki ya 1: kupembeza na kuvingirisha.
Wiki ya 2 na ya 3: kurusha ukiwa umesimama, kwa nusu ya nguvu.
Wiki ya 4 na ya 5: kurusha ukiwa umesimama, ukiongeza nguvu kidogo kidogo.
Baada ya hapo: kuzunguka.

Rusha siku 3 kwa wiki. Kati ya siku moja na nyingine pumzika. Anayeanza asirushe zaidi ya mara 25 kwa siku. Misuli haipati nguvu wakati wa kurusha. Hupata nguvu wakati wa kupumzika, baada ya chakula na usingizi.

Shamba nalo ni mazoezi. Ukilima tangu asubuhi, bega limekwisha fanya kazi. Jioni hiyo punguza kurusha kwa nusu, au fanya mazoezi ya miguu tu. Kunywa maji ya kutosha.

Kama shule haina visahani vya kutosha, tumia tairi kuukuu la baiskeli. Ukilirusha kwa mkono ulionyooka utajifunza vizuri mwendo wa miguu na nyonga. Fundi seremala pia anaweza kuchonga kisahani cha mbao ngumu. Kwanza apime uzito wake dukani kwa mizani. Usitumie jiwe bapa wala kipande cha bati. Vitu hivyo vina makali. Mtoto asipewe kisahani cha mtu mzima ili "akomae". Mifupa yake bado inakua. Kisahani kizito kitamfundisha makosa na kumvunja moyo.

KUZUIA AJALI

Kisahani kinaweza kuua mtu. Hutoka mkononi kwa kasi, na wanaoanza hawajui kitakwenda upande gani. Kwa hiyo shikeni sheria hizi:

1. Mtu mmoja tu arushe kwa wakati mmoja.
2. Wengine wote wasimame nyuma ya mrushaji, mbali, hatua 20 au zaidi.
3. Watoto na mifugo wasipite uwanjani. Mtu mmoja awe mlinzi.
4. Mrushaji aseme kwa sauti, "Narusha!" kabla ya kurusha.
5. Mkiokota visahani, asiwepo wa kurusha. Virudisheni kwa kuvibeba. Msivirushe kurudi.
6. Msirushe nyasi zikiwa zimelowa au giza likiingia.

UKIUMIA

Maumivu ya misuli siku inayofuata, yanayopungua baada ya siku mbili, ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si ya kawaida. Acha kurusha mara moja. Usimeze dawa ya maumivu ili upate kuendelea. Maumivu ni kengele. Ukiizima kengele, moto bado unawaka.

Loweka kitambaa katika maji baridi ya mtungi. Kiweke penye maumivu kwa dakika 15 mpaka 20. Rudia mara kadhaa siku hiyo na siku ya pili. Pumzisha mkono. Usikandwe kwa nguvu wala kwa maji ya moto siku hizo mbili. Usichanje chale, kidonda kinaweza kuingia vijidudu.

Nenda zahanati kama:

– huwezi kuinua mkono;
– bega linauma usiku hata usilale;
– vidole vinakufa ganzi;
– kijana anayekua anaumwa mgongo chini ya kiuno kwa zaidi ya wiki mbili.

Bega likitoka mahali pake, asitokee mtu wa kulivuta. Anaweza kuvunja mfupa au kuharibu mishipa. Funga mkono kwa kanga ukae kifuani, kisha umpeleke mgonjwa kwa mganga.

Mtu akipigwa kichwani na kisahani, mlazeni, msimtikise shingo. Mpelekeni hospitali upesi, hata kama anasema hajambo. Hatari ni kubwa zaidi akitapika, akisinzia, akichanganyikiwa, akipata degedege, au damu na majimaji yakimtoka puani au masikioni.

Walimu wa michezo na wazazi, tazameni miguu ya vijana kabla ya kutazama umbali. Kijana akijifunza kurusha kwa miguu na nyonga, atarusha miaka mingi. Msimu wa kilimo ukifika, atashika jembe kwa bega zima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nguvu ya kurusha inaanzia wapi? Inaishia wapi?
2. Kwa nini mkono usitangulie mbele ya nyonga?
3. Kijana amelima tangu asubuhi. Jioni anataka kurusha mara 25. Utamshauri nini?
4. Uwanja wa kijiji chetu una njia inayopita katikati. Tufanye nini kabla ya kuanza kurusha?
5. Mtu amepigwa kichwani, kisha anasinzia. Tufanye nini?

MANENO YA KUKUMBUKA

Nyonga: kiungo kinachounganisha paja na kiuno.
Kano: kamba ngumu za mwili zinazounganisha misuli na mifupa.
Pingili: sehemu ya kidole kati ya kiungo na kiungo.
Bawaba: chuma kinachoshika mlango ili ufunguke na kufungika.